Mpiganaji wangu kafika levo ya tatu

Waliosikiliza kipindi kilichopita wanakumbuka niliahidi kwamba safari hii nitaacha kulalamika kuhusu treni na bei ya mihogo Uingereza, nijibu swali moja tu. Swali lenyewe linakuja kwa namna nyingi, lakini kiini chake ni hiki: "Nacheza Dungeons & Dragons, nina mpiganaji, kafika levo ya tatu, naambiwa nimchagulie tawi. Nichague lipi?"

Jibu fupi: chagua lile litakalokufanya ufungue mdomo. Jibu refu ndilo linalofuata, na humo ndani kuna zimwi, kuna dada yangu kanuna, na kuna aibu ndogo niliyoibeba tangu nina miaka 13.

Kwanza kwa wasiocheza. Hii ni gemu ya mezani. Watu wanne watano mnakaa, mmoja ni msimulizi, anawaeleza mko wapi na kitu gani kinawajia. Wengine kila mtu ana mhusika wake, anasema mhusika wangu anafanya hivi, kisha dadu inarushwa kuamua kama amefaulu. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, waanzilishi wake wakiwa Gary Gygax na Dave Arneson, na siku zile wahusika walikuwa wa aina tatu tu. Mpiganaji alikuwa mmojawapo, na hadi leo yupo.

Meza yetu iko Leicester, sebuleni kwa mama. Binamu yangu mkubwa ndiye msimulizi. Binamu wa pili anacheza mwizi mmoja hatari anayeitwa Paka. Rafiki yetu, ambaye kwao ni Mombasa, anacheza mchawi, ila neno hilo limepigwa marufuku nyumbani. Siku ya kwanza mama alikuwa jikoni, akasikia mtu sebuleni anasema "mimi ni mchawi", akatokea mlangoni na mwiko mkononi. Tangu siku hiyo tunasema mwanachuoni. Dada yangu, aliyenizidi miaka 12 na kunibeba mgongoni, anacheza tabibu wa kikosi. Mimi ni mpiganaji. Jina lake Kisiki.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi sheria ni Kiswahili tu. Ukiteleza ukaingia Kiingereza, unaosha vyombo.

Sasa niwe mkweli. Nilichagua mpiganaji kwa sababu ndiye asiyelazimika kuongea. Mwanachuoni lazima aeleze uchawi wake, mwizi lazima adanganye walinzi getini, tabibu lazima aombe dua na kuwabembeleza majeruhi. Mpiganaji anasema "Napiga." Levo ya pili anapewa uwezo wa kutenda mara mbili kwa zamu moja, kwa hiyo anasema "Napiga. Napiga tena." Nilicheza miezi mitano kwa maneno hayo matatu na sikuosha hata sahani moja.

Kisa chake kilianzia Tanga, kwenye matanga ya babu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mzee mmoja akaingia. Nilijua ninachotakiwa kusema, nilikuwa nimefanya mazoezi kwenye ndege. Nikafungua mdomo, likatoka "Marahaba." Ua mzima ukacheka, hadi waliokuwa wanalia. Mzee mwenyewe akanishika mkono, akasema "Shikamoo na wewe, babu," na kicheko kikaanza upya. Hakuna aliyenionea, tena nadhani watu walihitaji kucheka siku ile. Lakini mimi nilirudi Uingereza nimejifunza kitu kimoja: kutabasamu na kutikisa kichwa. Simu ikitoka Tanga nilikuwa nampa dada.

Basi Kisiki akafika levo ya tatu, na msimulizi akaniwekea kitabu mbele. Meza yetu inatumia kitabu cha 2014. Toleo la 2024 limebadilisha sheria hapa na pale na kuingiza tawi la nne kwenye kitabu cha msingi, lakini pa kuchagulia ni palepale: levo ya tatu. Ukishachagua, ndiyo njia yako hadi levo ya 20. Kwenye kitabu chetu matawi ni matatu.

La kwanza ni Champion. Sisi mezani tunamwita Bingwa. Kila ukipiga unarusha dadu ya pande 20. Mpiganaji wa kawaida akipata 20 yenyewe, hilo ni pigo kuu, na dadu za silaha yake zinarushwa mara mbili. Bingwa anapata pigo kuu kwa 19 pia. Zawadi yote ya levo ya tatu ni hiyo.

Tupige hesabu. Nafasi yako imetoka 1 katika 20 ikawa 2 katika 20. Kisiki ana upanga wa mikono miwili, dadu mbili za pande 6, wastani wake 7. Maana yake katika kila mapigo 20 anapata 7 za ziada. Mimi usiku mmoja napiga labda mara 15. Yaani kuna usiku ubingwa wangu usingeonekana hata kidogo.

Ila msimdharau Bingwa. Hana cha kukumbuka, hana cha kuhesabu, haishiwi. Kama unatoka kazini zamu ya usiku na unataka tu kukaa na wenzako mle pilau mkirusha dadu, huyu ndiye wako. Kama mdogo wako anacheza kwa mara ya kwanza, mpe huyu. Na ile furaha ya kupata 19 na meza nzima kupiga kelele, haimo kwenye hesabu yangu.

La pili ni Eldritch Knight. Sisi tunamwita Askari wa Kago. Mliolelewa na bibi mnalijua neno: kago ni ile kinga inayowekwa shambani ili mwizi asiguse mahindi. Huyu ni mpiganaji aliyejifunza uchawi kidogo (mama hayupo jikoni leo), mwingi ukiwa wa kujikinga na wa kuunguza. Upanga wake ameufunga kwake kwa uchawi: hanyang'anywi, na ukiwa mbali anauita unakuja mkononi.

Utamu wake uko kwenye kinga. Chukua askari wa mifupa, wale wanaofufuka makaburini. Kisiki amevaa deraya ya minyororo, namba yake 16. Mifupa inaongeza 4 kwenye dadu yake, kwa hiyo inahitaji 12 au zaidi kumpata: namba 9 katika 20. Askari wa Kago akiona pigo linakuja anatamka uchawi wa ngao, deraya inapanda kwa 5, sasa mifupa inahitaji 17: namba 4 tu katika 20. Pigo lililokuwa limeshampata linaweza kupita pembeni. Ubaya wake ni kwamba levo ya tatu ana nafasi mbili tu za uchawi kama huo, na hazirudi hadi mlale usiku. Tena uchawi wake unaotakiwa kumpata adui unategemea akili, na Kisiki, kama jina lake lilivyo, akili nilimpa 8.

La tatu ni Battle Master. Tunamwita Amiri. Anapewa dadu nne za ufundi, za pande 8, na anachagua mbinu tatu. Kila akitumia mbinu anatoa dadu moja. Zikiisha, zinarudi zote mkishapumzika, hata yale mapumziko mafupi ya saa moja. Kuna mbinu ya kumpiga adui ngwala akaanguka. Kuna ya kumchokoza akuache wenzako aje kwako. Kuna ya kumtia moyo mwenzako apate uhai wa muda.

Kwa hesabu tupu Amiri anamshinda Bingwa. Dadu ya pande 8 wastani wake ni 4.5, nne zinaleta 18. Mkipumzika mara mbili kwa siku unatumia 12, zinaleta 54. Bingwa wetu wa upanga mkubwa angehitaji mapigo kama 154 siku hiyohiyo kumfikia. Kama meza yenu haipumziki kamwe pengo linapungua, kwa hiyo kabla ya kuchagua muulize msimulizi: huwa tunapumzika mara ngapi?

Yako matawi mengine kwenye vitabu vilivyofuata. Kile cha Xanathar cha 2017 kina Cavalier, ambaye adui akishapigwa naye na bado yuko karibu, akijaribu kumpiga mwingine anapiga kwa taabu. Ni zuri sana kwa mtu anayependa kulinda. Lakini mimi nilikuwa na kitabu kimoja mbele yangu, na kidole changu kilikuwa kimeshafika kwa Bingwa.

Binamu, yule wa Paka, akanisogezea ukurasa wa Amiri akanionesha mbinu moja: pigo la amri. Inafanya kazi hivi. Zamu yako ikifika, unaacha pigo lako. Unamchagua mwenzako anayekuona au kukusikia, unamwamuru, na yeye anapiga hapohapo, nje ya zamu yake, akiongeza dadu yako ya ufundi kwenye maumivu. Levo ya tatu una pigo moja tu kwa zamu, kwa hiyo ukiliacha hufanyi kitu kingine cha maana. Unaongea tu.

Na hesabu yake ni tamu. Kisiki akipata anatoa wastani wa 10. Paka akivizia, kwa jambia lake refu na dadu mbili za kuvizia, pamoja na dadu yangu, anatoa 19. Paka anaruhusiwa pigo la kuvizia mara moja kwa kila zamu, haijasemwa zamu ya nani, kwa hiyo hata kama kalitumia kwenye zamu yake, kwenye zamu yangu analipata tena. Anachohitaji ni mwenzake awe amesimama pua kwa pua na adui, na hiyo ndiyo kazi pekee ambayo Kisiki hajawahi kuikataa.

Nikamwambia, "Lakini nitalazimika kusema." Nilisema kwa Kiingereza. Nikaosha vyombo, na nilipokuwa naosha nikaanza kuhesabu Kiswahili nilichonacho. Njoo. Kaa. Acha. Zima taa. Funga mlango. Kapige mswaki. Usiguse. Shika hapa. Mpe mwenzako. Jamani, Kiswahili changu chote ni amri! Sisi tuliozaliwa huku tumelelewa kwa amri. Hadithi na mizaha ya wakubwa ilitupita juu ya kichwa, lakini amri zote tunazo. Nikarudi sebuleni na mikono yenye povu nikasema, "Amiri."

Mwezi uliofuata tukakutana na zimwi. Uhai wake 59 tangu mwanzo, limebakiwa na 17. Dada amebakiwa na 4, na zimwi limemsimamia juu. Zamu yangu. Mbinu ya amri kwetu ina sharti moja la nyongeza: lazima itamkwe.

"Paka," nikasema, "mchome!"

"Nimchome nani?" binamu akauliza. "Tabibu?"

"Zimwi!"

"Ah. Basi sema lichome."

Hapo mchezo ukasimama. Mwanachuoni akasema kiumbe hai ni m: mbwa mpige, kuku mkamate. Paka akasema zimwi ni jitu, na jitu ni li. Msimulizi akauliza kama zimwi liko hai kweli. Nilihisi masikio yanawaka kama siku ile Tanga, na nikaanza kutabasamu na kutikisa kichwa. Sauti ikatoka jikoni: "Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hamkufundishwa? Haaa-li-kuli." Kisha kijiko kikaendelea kugonga kikombe.

Kumbe methali nimeisikia mara elfu na sikuwahi kujua kwamba sarufi imo ndani yake. (Wapo wanaosema zimwi amekuja, na wala hawakosei. Lakini kwa mama, ni li.)

"Paka, lichome!"

Jambia 5, wepesi 3, kuvizia 7. Jumla 15. Dadu yangu ya ufundi ikaviringika hadi kwenye sahani ya bajia, ikasimama kwenye 2. Kumi na saba. Mbili tu, lakini zilikuwa zangu, na zilitoka mdomoni.

Natamani ningemalizia hapo, ila mwezi uliofuata nikavimba kichwa. Tuko kwenye daraja, tumezungukwa na ile mifupa, na tabibu ana rungu, silaha inayoivunja mifupa vibaya sana. Nikamnyooshea dada kidole. "Wewe! Ipige!"

Dada akaweka dadu zake chini. "Unamwambia nani?"

"Tabibu."

"Tabibu ni nani?"

Kimya. Akachukua kitabu, akafungua ukurasa, akasoma taratibu. "Hapa imeandikwa mwenzako anaweza kupiga. Haijaandikwa lazima." Akafunga kitabu. Hakupiga. Kisiki akapoteza zamu na dadu moja, na mifupa ikanipiga mara mbili.

Nilikasirika usiku ule. Nilifikiria, hii ni gemu, na kwenye gemu amiri ni amiri. Lakini njiani nikaelewa. Zile amri zote nilizokuwa najivunia, zote zilishuka kutoka juu kuja kwangu. Ni sauti ya mama kwa mtoto. Nilikuwa nimeichukua sauti ya mama nzima nzima nikamvurumishia dada, aliyenibeba mgongoni. Kiswahili cha kwenda juu, cha mdogo kwa mkubwa, na kile cha kwenda pembeni, cha wenza kwa wenza, sikuwa nacho. Sikuwahi kukihitaji, kwa sababu simu nilikuwa nampa yeye.

Kwa hiyo nikajifunza, na hizi nawapa bure. Kwa mkubwa: "Dada, naomba uipige hiyo ya kulia." Kwa mwenzako: "Hebu mzuie kidogo." Kwa wote, na hii ndiyo nzuri kuliko zote kwa Amiri, weka tu mbele: "Tulizunguke. Turudi nyuma. Tusimwache mwanachuoni." Ukisema tu, na wewe umo. Mara ya kwanza nilipomwambia dada "naomba uipige", alinitazama, akasema "Haya, baba," na rungu likashuka.

Basi, wewe uliyeuliza. Hesabu nimekupa, na hesabu si uongo. Lakini tofauti ya namba kati ya matawi haya ni ndogo kuliko tofauti ya jinsi utakavyokaa pale mezani kwa mwaka mzima au miwili. Tazama nani kakaa pembeni yako. Kama kuna mwizi, Amiri anamfanya aonekane mfalme. Tazama kama meza inapumzika. Halafu jiulize kimoyomoyo unakwepa nini. Kama unamchagua Bingwa kwa sababu unampenda, mchague na ufurahi. Kama unamchagua kwa sababu atakuficha, geuza ukurasa mmoja zaidi kabla hujaandika kwa kalamu.

Mwezi uliopita mjomba alikuja kutoka Tanga. Kiingereza hana. Tulikuwa tunapandisha kabati la mama ghorofani, mimi juu, yeye chini, ngazi nyembamba, na dada hayupo wa kupokea simu. Likakwama kwenye kona.

"Mjomba," nikasema, "naomba uinue upande wako kidogo. Hapo hapo. Sasa tulizungushe, taratibu."

Tukalizungusha. Likapita. Tulipofika juu alikaa kitandani akipumua, akanitazama kwa muda, nikasubiri aseme kitu kuhusu Kiswahili changu, kizuri au kibaya.

"Kabati lenu zito hili," akasema.

Kipindi kijacho tabibu mwenyewe atakuwa kwenye maikrofoni. Nimemwomba, sikumwamuru. Tuleteeni maswali yenu, na mtuambie kwenu mifupa inayotembea mnaipiga au mnampiga. Sisi bado tunabishana.